Nyumba ya Ujiji au pagale la Mwandiga: gumzo la kikundi cha ukoo, Kigoma

Rehema: Shikamooni wazee wangu. Nimepata nyumba mbili na nashindwa kuamua. Moja iko Ujiji karibu na ziwa, vyumba sita, wapangaji wamo, kila chumba 35,000 kwa mwezi. Bei milioni 26, yaani akiba yangu yote. Nyingine ni pagale Mwandiga, vyumba vitatu, limefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, kiwanja kikubwa, milioni 11. Mimi bado nimepanga hapa Mwanga kwa 120,000.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu, hongera sana. Kushika fedha hiyo kwa mshahara wa uuguzi si mchezo. Chukua ya wapangaji! 35,000 mara sita ni 210,000 kila mwezi. Inakulipia pango la Mwanga na chenji inabaki.

Kaka Juma: Shangazi, mimi nina vyumba vinne Gungu. Sijawahi kuona mwaka vimejaa vyote mwanzo hadi mwisho. Mtu anahama, chumba kinakaa wazi, unapaka rangi, mara choo kimejaa. Na TRA, watu wa kodi ya serikali, wana asilimia 10 yao ya pango. Rehema piga hesabu ya miezi 9.

Rehema: Miezi 9 ni 1,890,000. Nikitoa asilimia 10 inabaki 1,701,000. Pango langu la mwaka ni 1,440,000. Kumbe ni 261,000 tu, na sijagusa bati wala choo 😔

Ba mdogo Hamisi: Mita ya umeme ni moja?

Rehema: Moja, Ba mdogo.

Ba mdogo Hamisi: Basi jiandae kuamua ugomvi wa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo, 1,500 kwa mwezi, na wapangaji watauliza nani alipe. Tuma picha za nyumba.

Rehema: 📷 Mbele
Rehema: 📷 Uani

Ba mdogo Hamisi: Kuzeni hiyo ya uani. Chini ya dirisha kuna alama ya maji imenyooka ukuta mzima, na plasta imebanduka mpaka tofali bichi linaonekana. Mvua haichori hivyo. Hapo maji yalisimama, na mwaka 2024 wote tuliona ziwa lilivyopanda. Umepima kutoka ukingoni? Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60.

Rehema: Sijapima. Kwa macho naona hazifiki.

Shangazi Mwajuma: Eeh, hapo nimenyamaza. Lakini mwenye nyumba ni mtu mzuri, namfahamu.

Ba mdogo Hamisi: Dada, uzuri wake sina shaka nao. Mkewe anajua kwamba anauza?

Rehema: Alisema mke yuko Kasulu, hakuna haja ya kumsumbua.

Ba mdogo Hamisi: Hapana mwanangu! Kama ni nyumba yao ya familia, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake. Asiposaini, kesho anakuja na kesi na fedha yako imeshaliwa.

Da Asha: Mimi nawaza Mwandiga. Zamu ya jioni ikiisha usiku, Rehema anarudije? Bodaboda peke yake?

Rehema: Hilo ndilo linaninyima raha, dada.

Kaka Juma: Tafuta bodaboda mmoja anayeaminika, mlipane kwa mwezi. Kuhusu fedha: ukinunua unabaki na milioni 15. Paua kwanza, usianze na urembo. Maliza chumba kimoja na choo, weka mlango wa chuma, hamia. Ile 120,000 ya pango inakuwa ya saruji. Uani ukiweza baadaye inua vyumba viwili vya kupangisha.

Mama: Rehema, tangu mdogo mmehamahama na mimi kila kodi ilipopanda. Nataka ulale kwako. Wapangaji watakuja baadaye.

Rehema: Sawa Mama. Ya Ujiji naiacha. Ba mdogo, tunaweza kwenda Mwandiga Jumamosi?

Ba mdogo Hamisi: Twende. Ila usitoe hata shilingi ya kishika bei. Tunataka namba ya kiwanja, tuipeleke ofisi ya ardhi watuambie ni ya nani na kama kimepimwa. Halafu majirani wa pande zote watuonyeshe mipaka, mwenyekiti akiwepo.

Kaka Juma: Nakuja na futi kamba. Nataka pia kugonga hiyo lenta nione nondo ngapi zimo.

Shangazi Mwajuma: Mnipitie saa tatu, na mimi naenda.