Miaka 22 jeshini, sasa nataka biashara na wakazi wananitaka uongozi: nianze na lipi?

Mtunza Bohari

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Nimebakiza miezi saba kustaafu baada ya miaka 22 jeshini, na sehemu kubwa ya utumishi wangu imekuwa katika ugavi: kupokea shehena, kutunza leja za bohari, kupanga misafara ya magari na kuhakikisha kwamba kikosi kilicho mbali hakilali bila mafuta, dawa wala maji. Ninaondoka na cheo cha sajini, nitalipwa kiinua mgongo kwa mkupuo mmoja, na baada ya hapo pensheni ya kila mwezi. Nia yangu ni kununua malori mawili na kuanza kusafirisha mizigo.

Wakati huohuo wazee wa mtaa ninaoishi wamenifuata mara mbili wakinitaka nigombee uenyekiti wa chama cha maendeleo cha wakazi, kwa maelezo kwamba wanahitaji mtu mwenye nidhamu. Nilifurahi, lakini kuna jambo limenitia shaka. Mwezi uliopita niliwaita vijana wanane tuzibue mtaro uliokuwa ukifurika kila mvua inaponyesha. Niliwagawia kazi, nikawapa saa ya kuanza na kila mmoja sehemu yake ya kuchimba. Walifika watatu. Mmoja wao aliniambia kwa heshima kabisa: "Mzee, hukutuuliza kama tunaweza, ulitupangia tu." Nilibaki nimeshika koleo, sina la kumjibu, kwa maana kwa miaka 22 sikuwahi kuhitaji jibu la namna hiyo.

Naomba kwa waliotangulia: nianze na biashara au nikubali uongozi kwanza? Na katika yale niliyojifunza jeshini, ni yapi nitoke nayo na yapi niyaache getini?

Dereva wa Zamani

Afande, hongera kwa kukaribia kumaliza utumishi wako salama. Mimi niko uraiani mwaka wa tisa, nami ninasafirisha mizigo, kwa hiyo nitajibu upande wa fedha, kwa kuwa ndiko nilikoumia.

Niliponunua magari yangu nilijua kila kitu kuhusu njia, vipuri, uzito wa mzigo na uchovu wa dereva. Nisichokijua ni kungoja malipo. Jeshini unajaza hati ya kuombea mafuta na mafuta yanakuja, lakini katika biashara mafuta unayalipia leo, dereva unamlipa mwisho wa mwezi, na mteja mkubwa anakulipa baada ya siku 60 au 90, tena ukimkumbusha. Kazi zilikuwa tele, na daftari lilionyesha faida, ilhali sanduku lilikuwa tupu. Kiinua mgongo changu kiliisha kwa kuziba pengo hilo, wala si kwa anasa. Ndiyo maana ninakusihi usinunue malori mawili kwa mkupuo. Kodi lori moja kwanza, tafuta wateja wawili wanaolipa kwa wakati, na fedha za kuendeshea kazi kwa miezi sita uziweke pembeni kabla hujafikiria kununua chochote.

Usidharau mwanzo mdogo. Fred Smith, aliyepigana Vietnam akiwa ofisa wa kikosi cha Marines cha Marekani, alianzisha kampuni ya kusafirisha vifurushi ya Federal Express mwaka 1971, na usiku wa kwanza wa safari zake, Aprili 1973, ndege 14 zilibeba vifurushi 186 tu. Kampuni ilipata hasara kwa miaka kadhaa kabla haijasimama. Yeye alikuwa na watu wa kumkopesha fedha nyingi, wewe na mimi hatuna, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza kwa lori la kukodi.

La mwisho, soma mikataba. Sam Walton alitoka jeshini mwaka 1945 na cheo cha kapteni, akafungua duka katika mji wa Newport, Arkansas, akalifanya listawi kwa miaka mitano, kisha akalipoteza kwa sababu mkataba wake wa pango haukuwa na kifungu cha kumruhusu kuongeza muda. Alianza upya Bentonville, na duka la kwanza la Walmart, mtandao wake mkubwa wa maduka, lilifunguliwa mwaka 1962. Sisi tumezoea kusaini fomu zilizokwisha kupitiwa na wakubwa wetu, lakini huku nje hakuna aliyezipitia kwa niaba yako.

Uongozi wa mtaa uache usubiri hadi biashara isimame.

Mama wa Nyumba ya Askari

Kaka yangu, mume wangu alistaafu akafungua duka la vifaa vya ujenzi, nami ndiye ninayetunza hesabu zake. Naomba niongezee jambo ambalo mwenzako hakuligusa.

Mwaka wa kwanza wafanyakazi wetu watatu walikuwa wakisimama wima kila alipoingia, na yeye aliona hiyo ni heshima. Karani wa stoo aligundua katika wiki ya tatu kwamba misumari na mabati yaliyopokelewa ni pungufu kuliko yaliyoandikwa kwenye ankara. Alikuja kusema mwezi wa tatu. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, alisema aliogopa kuulizwa alikuwa wapi mzigo ulipokuwa ukishushwa. Kwa hofu hiyo tulilipia bidhaa ambazo hatukuwahi kuziona, na muuzaji hakuwa na sababu ya kukubali madai yetu kwa kuwa muda ulikuwa umepita.

Kilichomsaidia mume wangu kilitoka jeshini kwake mwenyewe, na hapo ndipo sikubaliani na wanaosema kwamba askari aache kila kitu getini. Alikumbuka kikao kinachofanywa baada ya zoezi, utaratibu uliokuzwa na jeshi la nchi kavu la Marekani miaka ya 1970 na kuenea katika majeshi mengi, ambapo watu huulizana nini kilikusudiwa, nini kimetokea, kwa nini, na wakati ujao tufanye nini. Katika kikao hicho askari wa chini huruhusiwa kusema kwamba amri ilikuwa na kasoro. Sasa kila Jumamosi kabla ya kufunga duka wanakaa dakika 20, na karani ndiye anayeanza kusema, yeye mume wangu anasema mwisho. Haikuwa rahisi kwake, na wiki nyingine bado namwona anauma midomo.

Mwenyekiti Mstaafu

Sajini, nimeongoza chama cha wakazi kwa vipindi viwili baada ya kutoka jeshini, na kwa mpangilio ninatofautiana kidogo na Dereva. Usisubiri biashara isimame ndipo uingie katika jamii, ila usiingie kwa mlango wa uenyekiti. Jiunge kama mwanachama wa kawaida, omba kuwa mtunza vifaa au mjumbe wa kamati ya hesabu, kazi ambayo miaka yako ya leja inakustahilisha, kisha ubandike kwenye ubao wa matangazo mapato na matumizi kila mwezi bila kuombwa. Watu watakuamini kwa karatasi hiyo kuliko kwa cheo chako.

Pia waulize wazee hao wanamaanisha nini wanaposema nidhamu. Mimi niliambiwa neno hilohilo, na baadaye nikatambua kwamba walitaka mtu wa kuwatisha wasiolipa michango. Nilipowatembelea wasiolipa, nikakuta wengi walikuwa wamelipa mwaka uliotangulia na hawakupewa stakabadhi.

Jambo moja zaidi kwa kuwa utakuwa na magari: siku chama kitakapohitaji mchanga au mawe, watakwambia ulete lori lako. Tangaza maslahi yako kwenye kikao, toka nje wakati wa kujadili bei, na ikiwezekana kazi hiyo apewe mwingine.

Mtunza Bohari

Nawashukuru sana, Dereva, Mama na Mwenyekiti. Nitakodi lori moja, na nimeomba likizo yangu iliyosalia ili niikae katika ofisi ya msafirishaji ninayemfahamu, nijifunze jinsi anavyodai malipo. Wazee nimewajibu kwamba uenyekiti sitaugombea mwaka huu, ila niko tayari kukaa kwenye kamati ya hesabu.

Jana jioni nilimfuata yule kijana nyumbani kwao, nikamwomba radhi, nikamuuliza yeye angeanzaje. Akaniambia kwamba mtaro hauzibiki pale nilipowaamuru wachimbe, bali juu zaidi, kwenye kalvati lililovunjika upande mmoja, ambalo wao hulipita kila siku wakienda kazini na mimi sijawahi kuliona. Jumapili mchana, muda walioupanga wao, atanipeleka kuliangalia.