Naomba ushauri: kulinda rangi ya gari jipya, naishi Kigamboni

Habari za leo wakuu. Mwezi uliopita nimetoa bandarini Toyota IST nyeusi, imetumika Japani lakini rangi bado ni ile ile ya kiwandani. Nimejinyima miaka mitatu kuipata, kwa hiyo kila alama mpya inaniuma.

Nyumbani hakuna banda, gari linalala nje karibu na bahari. Mchana naegesha Posta chini ya mti, na kunguru wa mjini mnawajua. Juzi nilichelewa kutoka kazini, kinyesi kikakaukia kwenye boneti tangu asubuhi. Nililowesha kwa maji, nikafuta taratibu, kikatoka, lakini kimeacha duara lililofifia kama shilingi mia. Nikipitisha kidole nahisi pamekwaruza kidogo.

Jingine ni kuoshwa. Vijana walitumia sabuni ya unga na tambara lililotoka kufuta rimu! Sasa jua likipiga naona mikwaruzo myembamba ya mviringo mlango mzima. Siku hizi naosha mwenyewe kwa shampuu ya magari na ndoo mbili, moja ya shampuu na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Kava nililijaribu wiki moja nikaacha, maana upepo unalipigapiga na mchanga uko chini yake.

Maswali yangu: hilo duara litatoka kwa polishi ya mkono, au limeshakula lile tabaka la juu linaloonya (clear coat) linalofunika rangi? Na kwa gari linalolala nje pwani, nipake nta kila baada ya miezi michache, au nijikusanye niweke seramiki, ile dawa ya kukinga rangi inayogandia juu ya bodi na kudumu kuliko nta? Aliyewahi kuweka hapa Dar anieleze imedumuje.