Mchango wa bethdei ya mtoto wa mwaka mmoja: mwisho wake uwe shilingi ngapi?

Wakuu kwema? Nauliza nikiwa na akili zangu timamu kabisa, hivi bethdei ya mtoto anayetimiza mwaka mmoja, ambaye bado anatembea kwa kushika sofa, inatakiwa ile shilingi ngapi? Siongelei mtoto wa miaka kumi anayejua kualika rafiki zake na kuchagua keki, naongelea hawa wadogo, mwaka mmoja mpaka minne hivi. Maana hapa Dar naona tumeshapitiliza na kila mtu anaogopa kusema asije akaambiwa ana roho mbaya na watoto wa wenzake.

Kilichonileta ni hiki. Nimejikuta nimeingizwa kwenye grupu la WhatsApp, picha ya grupu ni mtoto, kuna mwenyekiti, kuna mhazini, kuna katibu, yaani kamati kamili kama ya harusi. Mchango singo elfu hamsini, kapo elfu themanini, na "kadi utaletewa ulipo". Kesho yake asubuhi ikadondoshwa bajeti, naiweka kama ilivyo:

Ukumbi wa bustani 400,000
Mapambo 350,000
Keki 180,000
MC na muziki 300,000
Picha na video 250,000
Chakula watu 60 kwa 12,000 = 720,000
Vinywaji 350,000
Jumba la kurukia (lile la upepo) 120,000
Vimfuko vya zawadi, watoto 20 kwa 5,000 = 100,000
JUMLA 2,770,000

Sasa isomeni tena taratibu. Cha watoto humo ni kipi? Jumba la kurukia na vimfuko, laki mbili na ishirini. Tuwaongezee na keki kwa huruma, inafika laki nne. Milioni mbili na laki tatu na ushee iliyobaki ni ya watu wazima kula, kunywa, kupiga picha na kumsikiliza MC. Na hivyo vinywaji vya 350,000 tusidanganyane, wote tunajua kreti za rangi gani zitakaa nyuma ya turubai.

Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, watu tukashangilia kweli. Hiyo bajeti hapo juu ni zaidi ya miezi mitano ya mshahara huo kabla ya makato, kwa shughuli ya jioni moja ambayo mwenye siku yake hatakumbuka hata aliyemshika.

Na kumshika kwenyewe sasa. Wengi humu mmeshahudhuria hizi shughuli kwa hiyo hamtabisha. Kadi imeandikwa saa nane mchana, watu wanafika saa kumi, MC anafika saa kumi na moja anaanza kupima maiki. Mtoto kavalishwa suti ya vipande vitatu na tai ya kipepeo kwenye joto la Februari, saa kumi na mbili keshalala begani kwa dada wa kazi, na ndo kwanza MC anatambulisha meza kuu. Saa mbili kasoro anaamshwa akate keki, sabufa iko hatua mbili kutoka alipo, mtoto analia mpaka kamasi zinafika kwenye tai, mpiga picha anasema mama mgeuze huku, baba shika kisu, tabasamu, tena, tena. Halafu inaanza kulishana keki: babu na bibi, wasimamizi wa ubatizo, bosi wa baba, kikundi cha vikoba cha mama, wafanyakazi wenzake baba wameitwa kwa idara. Watoto wenzake ndo wa mwisho, wamepewa kwenye tishu, vipande vyenyewe makombo. Siku yao hiyo.

(Hapo sijagusa puto. Puto likipasuka kile kipande cha mpira mtoto anakitia mdomoni, kinaweza kumkaba kooni, na pale chini vimejaa. Tuendelee.)

Kuna watu watasema ni utamaduni wetu kusherehekea watoto. Utamaduni upi? Wazee wetu wengi hata tarehe hawaijui, ukimuuliza bibi anakwambia alizaliwa mwaka wa njaa au masika ya yale mafuriko, basi. Waliyokuwa wanafanya ni mambo mengine, kutoa mtoto nje, arobaini, ubatizo na chai yenye maandazi nyumbani, na kwa Waislamu akika siku ya saba. Hebu iangalieni akika ilivyo na akili: mtoto wa kiume mbuzi wawili, wa kike mbuzi mmoja, nyama inaliwa na ndugu, majirani na wasio nacho, na asiye na uwezo hadaiwi. Kipimo kipo na kila mtu anakijua. Bethdei haina kipimo, ndo maana kila mwaka aliyekuja nyuma anataka kumpita aliyetangulia, mwaka juzi ilikuwa keki tu, mwaka jana ikaja sare ya familia nzima, mwaka huu wanataka sare na waalikwa, kitenge utanunua kwa katibu.

Wenzetu kuna walikofika mbali zaidi. Tajikistan wana sheria tangu 2007 inayobana matumizi ya sherehe za kifamilia, bethdei inatakiwa ifanyikie nyumbani na familia yako, ukienda kuifanyia mgahawani unaweza kupigwa faini. Sisemi tufike huko, serikali kuhesabu mishumaa kwenye keki yangu sitaki, nasema tu kwamba tatizo wameliona na wengine.

Mimi nina pendekezo na ndo hoja yangu ya leo. Matumizi ya bethdei ya mtoto mdogo YASIZIDI kile ulichomwekea huyo mtoto mwaka huo. Mwekee kwanza, halafu sherehekea kwa kiasi hichohicho au pungufu. Mnaikumbuka Toto Afya Kadi, ile bima ya afya ya watoto ya NHIF, ilikuwa sh 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, kabla ya 2023 walipositisha kumsajili mtoto mmojammoja? Kuna wazazi nawafahamu walikuwa wanasema hiyo elfu hamsini kubwa, watalipa mwezi ujao, na mwezi huohuo wamekata keki ya laki na ishirini. UTT AMIS, wale wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, wana Mfuko wa Watoto tangu 2008, unaanza na elfu kumi, elfu kumi wakuu, hiyo ni bei ya vimfuko viwili vya zawadi kwenye ile bajeti. Kama mwaka mzima umemwekea laki moja, basi sherehe ya laki moja, na laki moja inatosha kabisa: keki ya kilo moja kwa yule mama wa mtaani anayeoka kwake, pilau la kilo tatu, juisi ya ukwaju ndoo moja, kofia za karatasi kutoka Kariakoo, watoto wa jirani saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni, wakichoka wamwagieni maji baba mtu, wacheke, warudi kwao wakaoge. Kama hujamwekea kitu kabisa basi mwimbie, mpige picha, mpe ndizi alale.

Na mchango SIFURI. Sare SIFURI. Mkopo ndo usiseme, kuna watu wamechukua kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza, kwa ajili ya mapambo, kausha damu! Benki Kuu (BOT) Novemba 2024 walifungia programu 69 za kukopesha mtandaoni na bado mtu anahangaika kutafuta ya sabini ili aweke ukuta wa maua nyuma ya mtoto.

Njooni na mawe.

*

Narudi, naona mawe yamefika na mengine makubwa. Nijibu kadiri ninavyoweza.

Aliyesema "hela yangu, mtoto wangu, inakuuma nini". Mkuu, kama ni hela yako haiumi kabisa, fanya ya milioni kumi na mimi nitakuja nile. Ila ukishafungua grupu na kuniandikia "bado ahadi yako hatujaiona" hiyo siyo hela yako tena, ni yangu, na nina haki ya kuuliza kwa nini MC analipwa kuliko keki.

Kuna dada kaandika kwamba alikaa kwenye ndoa miaka tisa bila mtoto, mimba mbili zikatoka, wifi zake wakaanza kumtafutia mumewe mke, na mtoto alipotimiza mwaka akafanya sherehe ya nguvu, akachinja, akaita mtaa mzima mpaka hao wifi, na harudii tena maishani. Dada yangu, hiyo mimi siipimi kwa kipimo changu, hiyo ni shukrani na ulistahili. Na nimesoma vizuri, umesema uliweka akiba tangu uko mjamzito na hukumchangisha mtu. Mambo kama yako ni machache sana lakini ndo yanatumika kuhalalisha haya mengine ya kila mwaka, mtoto wa nne, kila mmoja na kamati yake.

"Mcheza kwao hutunzwa, leo unanichangia mimi kesho nakuchangia wewe, ni kama upatu tu." Hapana kaka, hapo tutagombana. Kwenye upatu najua natoa kiasi gani, napokea kiasi gani na zamu yangu ni lini, na kijumbe namjua nyumbani kwake. Kwenye hii ya bethdei mwenye watoto wanne anapokea mara nne kwa mwaka, mwenye mmoja anapokea mara moja, na yule binti wa ofisini ambaye hajaolewa wala hana mtoto yeye anatoa tu, anatoa, anatoa, halafu siku akiumwa watu wanamtumia ya vocha. Harusi angalau mtu anafanya mara moja, sawa wengine mara mbili, lakini mtoto anatimiza mwaka kila mwaka. Kwenye harusi sina ugomvi na mtu, msiba ndo kabisa, hapo tunabebana.

Mpambaji aliyesema nataka kumkosesha riziki. Ndugu yangu, hoja yako ndo imenipa kazi kuliko zote maana ni kweli hiyo hela haipotei, inamfikia mwoka keki, mpishi, kijana wa viti, dereva wa kirikuu, na wengi wenu ni kinamama mliojiajiri kwa mtaji wa kuungaunga. Lakini hebu tuambie humuhumu bila kutaja mtu, ni shughuli ngapi umelipwa nusu na nusu nyingine ukazungushwa mpaka ukaacha? Mwenzako hapo juu kaandika anadai balansi ya shughuli ya mwaka jana, mama mtoto keshamblock na stetasi za bethdei ya mwaka huu anazionea kwa watu wengine. Mteja anayefanya kitu cha uwezo wake analipa yote siku hiyohiyo, mteja wa kushindana ndo anayekukopa wewe bila kukuambia kuwa anakukopa.

Kuna mmoja kasema picha ndo zitakuwa kumbukumbu ya mtoto akikua. Sikatai picha. Picha unapiga kwa simu, nenda studio ya mtaani ukatoe kubwa kwa bei ndogo, weka kwenye albamu. Sijaona kinachohitaji 250,000 hapo, ila kama ndugu yako ni mpiga picha na anakufanyia kwa upendo basi haya.

Kipimo changu wapo walioona kinaonea maskini, kwamba asiye na cha kuweka mtoto wake asifurahi? Sijasema asifurahi. Watoto wa uswahilini ndo wanafurahi kuliko wote, weka biskuti, na simu inayopiga muziki iweke ndani ya sufuria sauti ikue, uone. Anayeonewa ni yule wa kipato cha kati, mwenye mkopo wa kazini, kodi ya nyumba ya miezi sita na ada, ambaye hana ubavu wa kusema sina kwa sababu jirani yake alifanya. Nilimwandikia yeye.

Sasa la shule, nashukuru limeletwa na mwalimu mwenyewe wa chekechea, maana hili mimi sikuligusa na ni kubwa kuliko la grupu. Anasema kwenye darasa lake kila anayetimiza mwaka analetewa keki ya darasa zima, soda, na vimfuko kwa kila mtoto, na wapo watoto wawili watatu ambao wazazi wao hawaleti kitu, mmoja siku yake ikifika haji shule kabisa, mama yake anasema anaumwa. Mtoto wa miaka minne anafichwa nyumbani siku aliyozaliwa! Hapa hata yule wa "hela yangu" naomba ashuke kidogo, kwa sababu hii haifanyiki kwako, inafanyika mbele ya watoto wa watu ambao wanajua kuhesabu nani kaleta na nani hajaleta.

Mwalimu anasema walijaribu kupendekeza keki moja kwa mwezi, wote waliozaliwa mwezi huo waimbiwe pamoja, wazazi wao wachangie kidogokidogo na asiye nayo asiulizwe. Mimi naona ni jambo la maana sana na halina gharama kubwa. Lakini anasema kikao cha wazazi ndo kilikataa, siyo uongozi wa shule. Mwalimu kama bado upo tuambie walikataa kwa sababu gani, na nyie wenye watoto chekechea, kwenye vikao vyenu hili likiletwa kesho mtanyoosha mkono upande upi?