Ushauri: Corolla KE70 haina nguvu mlimani, inatoa moshi mweusi

Mwana Soni: Wakuu habarini. Nina Corolla KE70, injini 4K, ya kabureta. Mwezi huu haina nguvu kabisa. Kutoka Mombo kupanda Soni ni gia ya pili, mara ya kwanza, moshi mweusi nyuma. Asubuhi haikai sailensa, nikiachia mafuta inazima. Plagi mpya. Nimechanganyikiwa, tatizo nini?

Kipisi: Uza. Tafuta ya EFI, inayopima petroli kwa kompyuta badala ya kabureta, upumzike.

Mzee wa Gereji: Moshi mweusi ni petroli kuzidi hewa. Fungua eya klina, tazama kibao cha choki, kile cha kuziba hewa mdomoni mwa kabureta, kama kinasimama wima injini ikishapata moto. Halafu boya la kupima petroli ndani ya kabureta. Ulibadilisha nini?

Mwana Soni: Hakuna, mkuu.

Dada Korogwe: Marehemu baba alikuwa na Peugeot 504. Asubuhi tunaisukuma na sare za shule, ikishika moto anatupungia mkono huyo kaenda! Sisi kwa miguu.

Mzee wa Gereji: Kabureta nani aliifungua?

Mwana Soni: Shemeji yangu, ni fundi. Alisafisha, akatanua jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, kidogo kwa keekee ili gari ichanganye. Hiyo ilikuwa Tanga, kabla sijahamia Lushoto, na kule ilikimbia vizuri. Kwa hiyo si jeti. Injini imechoka, na nyingine nimeshaitolea advansi.

Mzee wa Gereji: Ungeanzia hapo! Tanga ni usawa wa bahari, Lushoto ni kama mita 1,400 juu. Hewa huko nyepesi, jeti inamwaga petroli ileile, tena imetanuliwa. Injini unaionea.

Chui wa Usambara: Hadithi ya kutunga. Juzi uliandika gari ni urithi wa mzee, haiguswi. Leo injini, advansi! Unatafuta mteja.

Mwana Soni: Haiuzwi, ndiyo maana nahangaika. Plagi nimezitoa sasa hivi, zote nne masizi makavu, yamenijaa mpaka kwenye ukucha. Na shemeji ndiye aliyesimamia msiba wa mzee. Nitamwambiaje ameharibu?

Kipisi: Bado nasema uza.

Mzee wa Gereji: Usimlaumu. Namba ya asili imegongwa kwenye jeti. Tafuta mpya ya namba hiyo, na nyingine ndogo zaidi ya kujaribia mlimani. Advansi kairudishe.

Mwana Soni: Nimeambiwa hairudi, tuliandikishana. Jeti naifungua kesho kukipambazuka. Shemeji nitamwambia ni hewa ya huku.