Ukumbi wa harusi kwenye mji wa viwanda: hoteli, bustani au godauni la zamani? Naombeni ushauri

Biharusi Mtarajiwa

Habari zenu wadau. Naombeni mawazo yenu maana nimefika mahali nimechoka, harusi imebaki miezi saba na mpaka leo hatuna ukumbi. Tunakaa mji wa viwanda, yaani ukifungua dirisha asubuhi kitu cha kwanza kukiona ni bomba la moshi, ndo kwetu na hatuna mpango wa kupeleka harusi mji mwingine maana ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzetu wote wako hapahapa. Wageni kama 220.

Tumebakiwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni ukumbi wa hoteli katikati ya mji, mita 14 kwa 20, wanasema unabeba watu 300, ni pasafi, kila kitu kipo ila hauna kitu cha kukufanya uukumbuke. Ya pili bustani nje ya mji, kilomita 25, nzuri sana kwenye picha ila barabara yenyewe ndo hiyohiyo ya malori ya mizigo. Ya tatu ndo inayonisumbua moyo: godauni la zamani la kiwanda cha nguo, mita 18 kwa 30, kuta za matofali, madirisha marefu mpaka juu, nilivyoingia tu nikaona hapa ndo penyewe. Mchumba wangu anasema nimechanganyikiwa, jirani kuna kiwanda cha sabuni na upande wa pili wanapakia malori. Yeye yuko kiwanda cha saruji kwa hiyo anasema hawezi kuoa sehemu inayofanana na kazini kwake 😂

Mama yangu yuko upande wa hoteli. Mama mkwe yuko upande wa bustani. Nisaidieni jamani.

Mama Mapacha

Hongera sana mdogo wangu. Mimi nilifunga harusi mji wa aina hiyohiyo kwa hiyo sikuelezi nadharia.

Kitu kimoja tu nitakusisitiza, umeliona hilo godauni siku gani na saa ngapi? Kama ulienda Jumanne saa nne asubuhi na harusi ni Jumamosi usiku basi hujaliona bado. Kwenye miji yetu hii ukumbi sio zile kuta nne, ukumbi ni jirani yake anafanya nini saa ile ambayo wewe umesimama na maua mkononi. Nenda siku ileile ya wiki, saa ileile, kaa masaa mawili nje kwenye gari vioo vikiwa chini. Nusa. Sikiliza. Pitisha leso nyeupe kwenye meza uone inatoka na rangi gani.

Na angalia reli!! Mimi niliangalia kila kitu, mapambo, chakula, mpaka vyoo, nikasahau kwamba kati ya saluni na ukumbi kuna makutano ya barabara na reli ya mizigo. Treni ikasimama katikati ya njia, mabehewa hayaishi, dakika 40 nimekaa na shela kichwani kwenye gari, make up inayeyuka, watu wa malori wananipigia honi na kunitakia ndoa njema. Sasa hivi nacheka ila siku ile nililia. Kwa hiyo tafuta njia ya pili ambayo haikatizi reli na dereva aipite mara moja kabla ya siku yenyewe, asiambiwe tu kwa simu.

Fundi Spika

Dada naona hapo juu wamekupa ya barabara, mi nakupa ya umeme na sauti, nafunga mitambo kwenye sherehe mwaka wa kumi na moja huu.

Godauni la matofali, sakafu ya zege, bati juu, hiyo ni sehemu ngumu kuliko zote kwa maneno. Muziki utasikika tu, watu watacheza, tatizo ni pale baba yako anaposhika maiki kutoa nasaha na watu wa nyuma wanasikia wawawawa. Simama katikati piga kofi moja kubwa halafu nyamaza. Ukisikia mlio unaendelea kuzunguka juu ya sekunde mbili ujue kuna kazi. Dawa sio kuongeza spika kubwa mbele, hapo unaongeza tatizo, dawa ni spika ndogondogo nyingi karibu na watu, sauti ya chini. Afu zile za katikati na za nyuma lazima zicheleweshwe, sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde kwa hiyo ni karibu milisekunde 3 kwa kila mita, usipofanya hivyo mtu wa nyuma anasikia neno moja mara mbili. Muulize DJ wako swali hilo tu, akikuangalia kama umemtukana tafuta mwingine. Vitambaa vizito ukutani, mazulia, na wageni wenyewe wanameza sauti sana kwa hiyo usiogope kabisa ukilisikia likiwa tupu. Mvua ikinyesha kwenye bati hakuna mtaalamu, mnasubiri tu.

Umeme sasa. Maeneo ya viwanda moto unacheza, mota kubwa ikiwashwa inavuta kama mara 6 ya ule umeme inaotumia ikishakimbia, taa za jirani zinafifia sekunde moja zinarudi. Taa haina shida, ila mikisa ya kisasa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ni kompyuta ile, ikikosa moto nusu sekunde inajizima na kuanza upya, na wewe ndo unaingia ukumbini kimyakimya bila wimbo. Weka UPS, lile boksi la betri linaloshikilia moto ukikatika, kwenye mikisa na kompyuta ya DJ, hata ndogo inatosha. Jenereta ukikodi usidanganywe na namba, kVA 20 ni kama kilowati 16 tu, na usiibebeshe yote, ishia 12 hivi. Friji na majiko ya umeme viwe na laini yao, muziki laini yake.

Godauni Ni Godauni

Mi sielewi hii fasheni ya kupeleka watu kwenye magodauni. Babu zetu walifanya kazi humo wakikohoa leo sisi tunaenda kupiga selfi. Chukua hoteli dada, ulipe, ulale.

Mama Mapacha

@Godauni Ni Godauni hahaha we nawe. Mbona kule London kituo kizima cha kufua umeme walikigeuza jumba la sanaa, Tate Modern, 2000 hiyo wakafungua, na watu wanapanga foleni kuingia. Na mgodi wa makaa ya mawe wa Zollverein kule Ujerumani ulifungwa 1986 na sasa uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Jengo la kazi linaweza kuwa zuri, ila swali ni kama wamelitengeneza au wamepaka rangi tu.

Ndo maana biharusi uliza paa ni la nini. Majengo ya zamani mengi yameezekwa kwa asbesto, ikiwa nzima haijavunjika haina neno sana lakini mtu wa mapambo asipande juu kutoboa wala kukata, vumbi lake ndo baya. Hesabu milango ya kutokea, iwe angalau miwili iliyo mbali na mbali, inafunguka kwenda nje, na siku hiyo isiwekewe kufuli wala jukwaa mbele yake. Tazama na chini pia, viwanda vya zamani vina vireli vya vitoroli sakafuni na mifereji ya maji, kisigino kikiingia hapo harusi inaishia hospitali.

Afu kuhusu hoteli, 300 wanayosema ni viti vimepangwa mistari kama mkutanoni. Kwa meza za duara piga kama mita moja na nusu za mraba kwa kila mgeni. 14 kwa 20 ni mita 280, gawa mwenyewe, watu 186 na hapo hujaweka jukwaa wala sehemu ya kucheza. Wageni wako 220 hawaingii pale, hata usihangaike. Godauni lina 540, watu wanakula 330, zinabaki za kutosha.

Kundi C

Naona mnaongea ukumbi tu hamjaongea tarehe. Kama bwana harusi yuko saruji anafanya kwa zamu au ofisini? Kama ni zamu tarehe inachaguliwa na karatasi ya zamu, sio na wewe wala mama mkwe.

Sisi kwetu ni makundi manne, asubuhi siku mbili, mchana siku mbili, usiku siku mbili, off siku mbili. Mzunguko ni siku 8 na wiki ina 7, kwa hiyo Jumamosi zake za off zinakuja mbili mfululizo halafu wiki sita hakuna. Hizo mbili msichukue yoyote tu! Ya kwanza ndo nzuri, hapo anakua kwenye siku ya pili ya off amelala vizuri. Ile inayofuata ni siku anatoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi, nimeona kwa macho yangu bwana harusi anasinzia madhabahuni, picha zote macho nusu.

Pia aulize shatidauni ya mwaka iko lini, wanaposimamisha tanuru kubadilisha matofali ya ndani. Tanuru lile linachoma mpaka nyuzi 1450 na halizimwi hovyo kwa hiyo likizimwa ni vita, likizo zote zinafutwa, na mafundi wa nje wanajaa kwenye kila gesti mjini. Wageni wenu wa mbali watalala wapi? Sisi jamaa yetu aliweka harusi katikati ya shatidauni, wageni wakalala kwenye mabasi.

Na saa ya kuanza. Zamu zinabadilika saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Ukianza saa tisa mchana wale wa asubuhi wameshatoka wameoga, wale wa usiku wanakaa na wewe mpaka saa tatu. Unawakosa wa mchana tu, na kuna kundi moja utalikosa vyovyote vile, chagua kwa kuangalia marafiki zake wa karibu wako kundi gani.

Biharusi Mtarajiwa

Jamani nimerudi, samahani kwa kukaa kimya, nilikua nafanya ile kazi ya kukaa kwenye gari vioo chini 😅

Tumeenda wote wawili Jumamosi, kuanzia saa tisa mchana mpaka saa nne kasoro. Mchana hakuna harufu yoyote, upepo unavuma vizuri unapeleka moshi mbali na sisi, mpaka mchumba akaanza kulegea. Jua linapozama lile jengo linakua jekundu lote na mabomba ya moshi yako nyuma, nikamwambia niangalie usoni useme hupataki, hakuweza. Halafu saa mbili hivi upepo ukafa kabisa, na saa tatu harufu ya sabuni ikashuka chini ikatukalia, nzito, kama mtu amefungua pipa ndani ya gari. Mlinzi akasema usiku usio na upepo ndo kawaida, moshi haupandi. Na malori yakaanza kujipanga getini kusubiri saa nne.

Kwa hiyo tumeamua godauni, saa tisa mchana mpaka saa mbili na nusu usiku, muziki unazimwa. Mama analalamika kwamba harusi gani inaisha watu wanaangalia taarifa ya habari, atazoea. Kundi C asante sana, tumekaa na karatasi ya zamu tumehesabu mpaka tarehe ikasogea wiki mbili mbele, na wawili kati ya wasimamizi wake wangekuwa kazini ila wamepata wa kubadilishana nao. Shatidauni ni mwezi mwingine kabisa.

Mwenye ukumbi ameandika kwenye mkataba kwamba mafuta ya jenereta ni juu yake na kwamba malipo ya awali yanarudi tukiahirisha kabla ya miezi miwili. Alitaka kukataa hilo la pili, mchumba akakunja karatasi akasimama, akaandika. Paa ni bati jipya sio asbesto, nimeonyeshwa kwa karibu. Vireli vya sakafuni vipo!! viwili, katikati kabisa, watawekea mbao na zulia juu. Kuna picha moja niliyoitamani mbele ya kile kiwanda cha sabuni ila walinzi wamesema kupiga picha getini hairuhusiwi na drone ndo kabisa, basi tutapiga upande wetu wa ukuta.

Kofi nimepiga. Fundi Spika lile kofi lilizunguka mpaka mchumba akaanza kupiga na yeye tukawa kama watoto. Nikikutumia vipimo unaweza kuniambia spika ngapi?

Fundi Spika

Tuma. Na upime kimo cha paa pia, hicho watu wote wanasahau. Kwa hesabu ya haraka mita 30 urefu nisingeweka chini ya jozi tatu, mbele, katikati na robo ya mwisho, ila niambie kwanza meza kuu inakaa upande mfupi au upande mrefu. Kama hamjaamua weka upande mrefu, hapo ukuta wa mkabala unakua mita 18 badala ya 30 na kazi yangu inapungua nusu.