Magnolia yangu imekuwa nyeusi na majani yananata, ni ugonjwa gani?

MamaNne (mleta uzi)
Wakuu, habari za Jumapili. Niko Columbus, Ohio. Nyumba tuliyohamia ina magnolia mbele, ile ya maua ya waridi inayochanua kabla ya majani kutoka. Tangu Julai majani ya chini yamekuwa kama yamepakwa masizi, gari likilala chini yake linaamka linanata, na nyigu na sisimizi hawaishi hapo. Jirani anasema ni fangasi, nikanunue dawa ya ukungu. Nikate mti au unatibika?

Sululu
Dawa ya ukungu iache dukani. Futa jani kwa kitambaa chenye maji. Weusi ukitoka, huo ni ukungu unaokaa juujuu, unaota kwenye majimaji matamu yanayotolewa na wadudu. Sasa kagua matawi membamba, hasa upande wa chini. Ukikuta vinundu vya kahawia, au vyenye unga mweupe, vimeng'ang'ania gome, ni wadudu gamba hao.

MamaNne
Duh! Vimejaa! Nilidhani ndivyo gome lilivyo. Nimebonyeza kimoja kikapasuka.

Sululu
Ndio wenyewe. Magnolia ina gamba wake maalumu, na ni jitu: jike hufika milimita 12. Wengi hupiga dawa katikati ya kiangazi, wakati jike keshajifunika nta, basi dawa inateleza tu. Anazaa mara moja kwa mwaka. Huko kwenu watoto hutoka kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Septemba, wadogo kama vumbi na bado hawana nta. Wakishapata vitawi vichanga wanatulia hapo baridi yote.

Kwa hiyo wapige Septemba, halafu rudia mwanzoni mwa masika kabla machipukizi hayajafunguka. Tumia mafuta maalumu ya kunyunyizia miti, yanawaziba pumzi. Lowesha tawi pande zote, maana asiyeguswa hafi. Usipige siku ya joto kali wala mti ukiwa na kiu.

Kwa sasa vaa glavu, sugua kwa brashi laini matawi unayoyafikia. Yaliyozidiwa kata. Mwagilia vizuri kipindi cha ukame, na mbolea usizidishe.

BiMkubwa
Sisi nyumbani ni sabuni ya unga na majivu, kwisha habari yao.

Sululu
Shikamoo Bi Mkubwa. Sabuni ya kufulia inaweza kuunguza majani. Ipo iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea, hiyo inawamudu wale watoto.

Mpemba_Houston
Nadandia uzi. Yangu ni ile isiyopukutisha majani, ina madoa ya mviringo ya kijani na chungwa, ukiyagusa kama mahameli.

Fundi Bustani
Huo ni mwani, unapenda unyevu wa huko Texas. Mara nyingi unaharibu sura tu. Okota majani yaliyoanguka, punguza matawi hewa ipite, na usimwagilie kwa kurusha maji juu ya majani. Ukizidi sana ndipo utumie dawa yenye shaba.

MamaNne, siku ukiona tawi moja limenyauka ghafla na mengine mazima, usisingizie gamba. Huenda ni mnyauko wa Verticillium, kuvu wa ardhini. Hauna dawa: unakata tawi lililokufa, unautunza mti kwa maji, na ukifa hupandi magnolia nyingine palepale. Unga mweupe juu ya majani mwisho wa kiangazi ni ubwiri unga, wala usikunyime usingizi. Ukiwa na shaka peleka kitawi kliniki ya mimea ya Ohio State University.

MamaNne
Asanteni sana. Jirani kaja tena, ana dawa ya kumwaga kwenye shina, eti inaua kila kitu.

Sululu
Hicho "kila kitu" ndicho kinachonitisha. Wadudu kibibi wanaomla gamba wamo, na dawa nyingi za aina hiyo hupanda hadi kwenye maua, nyuki wakadhurika. Anza na mafuta. Na gari lihamishie upande wa pili hadi majani yapukutike.