Admini naweza kumfukuza mtu ila dole lake siwezi kulitoa, hii ni akili gani?

Wakuu habari za jioni, nina hasira kwahiyo mnivumilie.

Mimi ni admini wa grupu la WhatsApp la dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, tuko kama 380. Wauzaji wako visiwani, Ukara, Irugwa, Goziba huko, wanunuzi wako hapa mjini na wengine wanapeleka mpaka Congo. Mwenye mzigo anapiga picha, anaandika gunia ngapi, zimekauka au bado, bei. Anayetaka anaweka dole 👍. Hatukukaa kikao, tulizoea tu hivyo, dole la kwanza ndio mwenye mali, wengine wakiliona wanapita. Kwetu lile dole sio la kupongeza picha ya harusi, lile ni neno la mtu.

Sasa wiki iliyopita giza limeshika vizuri (kwa wasiojua, dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika, kwahiyo hela yote iko kwenye siku hizo) mayu (mama) mmoja wa Goziba kaweka gunia 22, kavu, safi, hata mchanga hamna. Dakika mbili hazijaisha dole hilo hapo. Nani kaweka? Kijana ambaye hajawahi kununua hata sado moja, aliingia grupu kutangaza mabati sijui rangi. Namuuliza ananijibu "nilikua nakubali tu kazi nzuri mkuu". Kazi nzuri! Wanunuzi watatu wameshapita na mayu kaweka simu pembeni kaenda kuteremsha gunia zake ufukweni zisubiri boti ya mteja, na kule mtandao mpaka upande juu ya jiwe, ukimpigia hapatikani.

Nikabonyeza lile dole, linaniletea jina la aliyeweka basi. Kutoa naweza la kwangu tu. Nikamtoa kijana kwenye grupu, dole likabaki pale pale linanicheka. Kilichobaki ni kufuta meseji yote ya mayu na picha zake, na ukifuta inabaki alama kwamba admini kafuta, na kwetu meseji ikifutwa na admini watu wanajua moja kwa moja huyo ni tapeli. Sasa nimchafulie mama wa watu jina kwa kosa la muuza mabati?

Nikaandika chini yake HILO DOLE SIO LA MNUNUZI MZIGO BADO UPO, mara tatu, ikazama kwenye maswali ya bei ya petroli ya boti. Usiku mvua. Turubai lilikua limetoboka, gunia 9 zikalowa, na dagaa akishalowa akabadilika rangi hakuna wa kumla, anaenda chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwenye dole mwenyewe anaweza kulitoa muda wowote kimyakimya. Kuna wanunuzi wakubwa tu wanaweka dole saa mbili, wakisikia kuna mzigo wa bei nafuu Kayenze saa nne washalitoa, hakuna alama hakuna nini, kama hukupiga skrinshoti utabishana mpaka kesho. Yani yeye anafuta neno lake bila kelele, mimi mwenye grupu nimefungwa mikono.

Na msije na "hamia app nyingine" tafadhali. Najua Telegram admini anachagua emoji zipi zitumike au anazima zote, lakini nikizima zote nimeua na madole ya kweli. Discord ndio walifikiri, ukipewa ruhusa ya kusimamia meseji unatoa emoji ya mtu mmoja na meseji inabaki kama ilivyo, au unazifagia zote, hata bot (programu inayojiendesha yenyewe) unaipa hiyo kazi. Mpwa wangu kanionyesha kwenye simu yake, kumbe kitu kinawezekana kabisa, watoto wanaocheza gemu wanacho sisi wenye mali hatuna. Ila nimwambie babu wa Ukara mwenye simu ya kioo kilichopasuka afungue Discord? Atanizomea mpaka ziwani. Kuna fundi simu naye alitaka elfu 15 aniwekee app ya kuchakachua eti inatoa kila kitu, namba ya biashara ikifungiwa yeye atanirudishia wateja?

Nimewaandikia wenye app mara mbili kwenye kile kisehemu cha maoni. Majibu ni yale ya mashine, asante kwa kuwasiliana nasi.

Kama kuna mtu ana grupu la kuuza vitu na kapata njia ya kutoa emoji ya mtu bila kuua meseji naomba aniambie. Mayu kapiga tena leo asubuhi. Habari za emoji yeye hazijui, anauliza yule mteja wa dole ni mtoto wa nani.